Elia, winga aliyesubiri miaka minne Lubumbashi kabla ya Ulaya kumfungulia mlango

Mashabiki wa Taifa Stars hawahitaji kukumbushwa jina la Meschack Elia. Oktoba 15, 2024, kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, Tanzania ilikuwa imeibana DR Congo hadi dakika za lala salama. Kisha winga huyo akafunga mara mbili. Mchezo ukaisha 2-0, DR Congo ikafuzu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2025 huku ikiwa na mechi mbili mkononi.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 16, 2025, ilikuwa zamu ya Nigeria kuumia. Kwenye fainali ya mchujo wa Afrika wa kuwania nafasi ya Kombe la Dunia 2026, iliyochezwa Rabat, Morocco, Frank Onyeka aliipa Super Eagles bao dakika ya tatu tu. Elia akasawazisha dakika ya 32. Dakika 120 zikaisha 1-1, DR Congo ikashinda kwa penalti 4-3 na kupata tiketi ya mchujo wa mabara. Hadi siku hiyo, mara ya mwisho nchi hiyo kucheza Kombe la Dunia ilikuwa mwaka 1974, ikiitwa Zaire.

Mabao hayo matatu yalifungwa na mchezaji ambaye si wa kawaida katika kikosi cha kocha Sébastien Desabre. Nyota wengi wa DR Congo ya sasa wamezaliwa au kukulia Ulaya. Cédric Bakambu, Yoane Wissa, Gaël Kakuta, Arthur Masuaku na kipa Lionel Mpasi walizaliwa Ufaransa. Théo Bongonda alizaliwa Ubelgiji, Aaron Wan-Bissaka London. Elia alizaliwa Kinshasa, Agosti 6, 1997, na soka lake la ushindani alilijifunzia Lubumbashi, kwenye ligi ya nyumbani.

Njia inayopita Katanga

Katika majimbo ya kusini mwa DR Congo, karibu kila ndoto ya soka inaelekea Lubumbashi. Chukua mfano wa kijana anayecheza mpira Base ya Kamina, kituo cha kijeshi chenye uwanja wa ndege kilichojengwa na Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kamina ni makao makuu ya Haut-Lomami, moja ya majimbo manne yaliyozaliwa Katanga ilipogawanywa mwaka 2015. Ni njia panda ya reli: mstari wa Lubumbashi, wa Ilebo na ule wa kuelekea Kalemie yote inakutana hapo. Kwa kijana huyo, klabu kubwa iliyo karibu iko mwisho wa mstari wa kusini, mamia ya kilomita, nayo inaitwa TP Mazembe.

Mazembe ndiyo iliyoitambulisha Katanga kwa ulimwengu wa soka. Chini ya mfanyabiashara na mwanasiasa Moïse Katumbi, klabu hiyo ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikafungwa 3-0 na Inter Milan. Ilijenga uwanja wake wa Kamalondo, ikanunua wachezaji kutoka Zambia, Ghana na Tanzania, na ikalipa mishahara ambayo klabu chache za ukanda huu zingeweza kuilipa.

Nguvu hiyo ya fedha ilikuwa na pande mbili. Mchezaji hakulazimika kukimbia nyumbani kwa sababu ya njaa. Lakini klabu isiyo na shida ya fedha pia haina haraka ya kumuuza. Trésor Mputu, aliyetajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani mwaka 2009, hakuwahi kucheza ligi yoyote ya Ulaya. Safari yake ya nje ilimpeleka Kabuscorp ya Angola, kisha akarudi nyumbani.

Kigali, Februari 2016

Januari 2016 ulikuwa mwezi wa mabadiliko Lubumbashi. Mbwana Samatta, aliyekuwa ametoka kutwaa tuzo ileile ya mchezaji bora wa ndani ya Afrika, aliondoka Mazembe kwenda Genk ya Ubelgiji. Alikuwa amekaa klabuni hapo tangu 2011, na kuondoka kwake hakukuwa kwepesi.

Wakati Samatta akisaini, Elia alikuwa Rwanda na timu ya taifa kwenye michuano ya CHAN, inayohusisha wachezaji wa ligi za ndani pekee. Alikuwa na miaka 18. Kocha wake alikuwa Florent Ibenge, ambaye mashabiki wa Tanzania wamemjua kwa karibu zaidi tangu alipotua Azam FC mwaka 2025.

DR Congo iliwatoa wenyeji Rwanda robo fainali kwa 2-1 baada ya muda wa nyongeza, ikaitoa Guinea kwa penalti nusu fainali, kisha Februari 7 ikaichapa Mali 3-0 kwenye Uwanja wa Amahoro. Elia alifunga mawili, Jonathan Bolingi akamalizia la tatu. Elia alimaliza na mabao manne na akatangazwa mchezaji bora wa mashindano. DR Congo ikawa nchi ya kwanza kutwaa CHAN mara mbili, baada ya ile ya 2009.

Kwa kijana wa miaka 18 aliyezaliwa Ulaya, jioni kama ile ingetosha kubadilisha maisha ndani ya wiki chache. Elia alirudi Lubumbashi. Ilipita miaka minne kabla hajavaa jezi ya klabu ya Ulaya.

Miaka minne ya Kamalondo

Je, miaka hiyo ilipotea? Rekodi inatoa majibu mawili.

La kwanza ni kwamba alikomaa. Mazembe iliendelea kucheza hatua za juu za Afrika karibu kila msimu, ikatwaa Kombe la Shirikisho 2016 na 2017. Winga wa klabu hiyo alilazimika kucheza leo kwenye kapeti la Kamalondo, wiki ijayo kwenye nyasi za Afrika Kaskazini, mbele ya mabeki wasio na huruma na mashabiki wasionyamaza.

Simba inaijua hali hiyo. Katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Aprili 2019, Wekundu wa Msimbazi walitoka suluhu Dar es Salaam na wakaenda Lubumbashi na matumaini. Emmanuel Okwi aliwatanguliza mapema kabisa. Mazembe ikajibu kwa mabao manne, moja likiwa la Elia, na safari ya Simba ikaishia hapo kwa 4-1. Mazembe ilisimamishwa na Espérance ya Tunisia kwenye nusu fainali.

Jibu la pili ni la saa na kalenda. Soka la Ulaya linanunua umri. Mchezaji wa miaka 18 ni uwekezaji. Wa miaka 22 kutoka ligi ambayo wasaka vipaji hawaitazami kila wiki ni bahati nasibu. Kila msimu uliopita ulipunguza idadi ya klabu ambazo zingethubutu kumchukua.

Septemba 2019 mvutano ukawa wa wazi. Elia hakurejea klabuni baada ya majukumu ya timu ya taifa, na jina lake likahusishwa na Anderlecht ya Ubelgiji. Usajili huo haukukamilika. Mazembe ilishikilia kuwa bado ana mkataba nayo. Mwanzoni mwa 2020 alipojiunga na Young Boys ya Uswisi, klabu hiyo ya Lubumbashi ilipinga na suala hilo likafikishwa FIFA.

Katika mivutano ya namna hii, kila upande huwa na hoja yake. Klabu inayomlea mchezaji, kumlipa na kumpeleka kwenye mashindano makubwa ina haki ya kufidiwa anapoondoka. Bila hivyo hakuna atakayewekeza kwenye vijana. Mchezaji naye ana miguu ambayo haitadumu zaidi ya miaka 15 kazini, na winga anayetegemea kasi ana muda mfupi zaidi. Anayeumia mara nyingi ni yule asiye na mtu wa kumsomea mkataba kabla hajauwekea sahihi.

Bern ikampa jukwaa

Young Boys haikuwa klabu ya majina makubwa, na pengine hiyo ndiyo ilikuwa salama yake. Ilikuwa bingwa wa Uswisi, ilicheza kwa kasi, na ilihitaji mtu wa kukimbia nyuma ya mabeki. Elia alikaa Bern kwa karibu miaka mitano. Klabu ilitwaa ubingwa wa ligi 2020, 2021, 2023 na 2024, pamoja na Kombe la Uswisi mara mbili.

Februari 2021 alifunga bao la tatu Young Boys ilipoishinda Bayer Leverkusen ya Ujerumani 4-3 kwenye Ligi ya Europa. Waswisi walishinda pia marudiano ugenini na kusonga mbele.

Oktoba 25, 2023, Manchester City, mabingwa watetezi wa Ulaya, walifika Bern. City walitangulia mwanzoni mwa kipindi cha pili, na dakika chache baadaye Elia akatoroka peke yake, akamwinulia mpira kipa Ederson na kuandika 1-1. Erling Haaland alifunga mawili na City wakashinda 3-1. Hata hivyo, usiku huo Ulaya ilimwona mchezaji ambaye Kigali ilimwona miaka saba kabla.

Mapema 2025 alikwenda kwa mkopo Nantes ya Ufaransa. Baadaye mwaka huohuo akahamia Uturuki, klabu ya Alanyaspor. Ligi Kuu ya Uturuki ikawa ya nne kwake baada ya za DR Congo, Uswisi na Ufaransa. Hakuna hata moja kati ya klabu hizo tatu za Ulaya inayotajwa pamoja na Real Madrid au Bayern Munich. Ndiyo maisha ya mawinga wengi wa Kiafrika: si umaarufu wa mabango, bali kazi ya kuthibitisha uwezo upya kila unapobadilisha jezi na lugha.

Jezi ya Chui

Jezi ya taifa ndiyo imempa Elia nafasi ambayo klabu hazikumpa. Januari 28, 2024, kwenye AFCON nchini Ivory Coast, alifunga kwa kichwa dhidi ya Misri katika hatua ya 16 bora. Mechi iliisha 1-1 na DR Congo ikashinda kwa penalti 8-7, kipa Mpasi akipiga ya mwisho. Timu hiyo ilifika nusu fainali, ikafungwa 1-0 na wenyeji. Kabla ya mechi hiyo, wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bastola, wakipinga ukimya wa dunia kuhusu mauaji ya mashariki mwa nchi yao.

Mchezo wa kuwania nafasi ya tatu ulimwonyesha upande mwingine wa soka. DR Congo na Afrika Kusini zilitoka suluhu, na Elia alikuwa miongoni mwa waliokosa penalti. Afrika Kusini ikashinda 6-5. Miezi minane baadaye alikuwa Dar es Salaam akifunga mawili.

Nani atafuata?

Mafanikio ya timu ya wakubwa yanaficha swali gumu. Agosti 2025, CHAN ilipochezwa Kenya, Tanzania na Uganda, DR Congo ya wachezaji wa nyumbani ilifungwa na Kenya 1-0, ikafungwa na Morocco 3-1, na ikaishia hatua ya makundi jijini Nairobi. Nchi iliyokuwa ya kwanza kutwaa kombe hilo mara mbili ilifunga virago kabla ya robo fainali.

Wapo bado wanaotokea nyumbani na kufika mbali. Fiston Mayele, mzaliwa wa Mbuji-Mayi, alipita AS Vita na Yanga kabla ya kutwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2025 akiwa na Pyramids ya Misri. Lakini orodha hiyo ni fupi, wakati orodha ya waliozaliwa Paris, Brussels na London inarefuka kila kikosi kinapotangazwa.

Hilo si kosa la wachezaji wa ughaibuni, ambao wameirudisha DR Congo kwenye meza ya wakubwa. Ni hesabu ya nyumbani. Shirikisho likiwa na ligi isiyokatika, mikataba inayoeleweka na utaratibu wa kuuza mchezaji akiwa bado na umri wa kununulika, mwenye kipaji hatalazimika kuchagua kati ya kukaa kimya na kutoroka.

Elia alipoteza miaka minne na bado akafika. Kijana wa Base ya Kamina mwenye mguu kama wake, akipanda treni ya Lubumbashi leo, hana hakika kwamba soko litamsubiri muda huo.