Mguu wa Mchumaji na Rufaa ya Fidia

Wanachama wengi wametuuliza habari za mwenzetu wa Pemba aliyevunjika mguu huko Usambara. Kwa ruhusa yake twazieleza, bila ya kumtaja jina. Alikwenda Lushoto kumtazama mwanawe, anayesoma katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichoko huko. Aliyepita njia ya kutoka Mombo kupanda Soni anajua ilivyo: mlima upande huu, bonde upande huu, na kona haziishi. Gari ya abiria aliyoipanda iliacha njia. Wenziwe walitoka na michubuko. Yeye alivunjika paja.

Alidai mahakamani, akashinda. Lakini alipoisikia fidia alijiona kama aliyeshindwa. Gharama za spitali zilizokuwa na risiti alirudishiwa. Fedha alizowapa waliomuuguza na waliomchumia karafuu msimu ule hakupata hata senti, kwa kuwa hakuwa na karatasi wala shahidi. Na kwa maumivu yake, na mguu usiopanda tena mkarafuu, alipewa kiasi ambacho kwa hesabu yake hakifiki mavuno ya msimu mmoja.

Akataka kukata rufaa kwa yote mawili. Mwanawe akamwambia, "Baba, la kwanza liache." Alisema kweli. Hasara inayohesabika, kama dawa, nauli na ujira, lazima itajwe katika madai na ithibitishwe, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania imelisema hili mara nyingi. Risiti inayokuja kuonekana chini ya godoro baada ya hukumu haiingii katika rufaa kwa urahisi, maana mahakama ya rufaa husoma yaliyosemwa kule chini.

Fidia ya maumivu na ulemavu ni jambo jingine. Hiyo haina mizani. Sote twajua jinsi mashamba yanavyokodishwa karafuu zikiwa bado mtini: mtu hutazama juu, akakisia pishi. Wawili wakikisia mbalimbali, hatusemi mmoja ni mwongo. Lakini akitokea wa kukisia pishi 20 katika shamba la pishi 200, twajua huyo hakutazama juu. Rufaa ya fidia ni hivyo hivyo. Mwaka 1961 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika shauri lililotoka Tanganyika, ilieleza kanuni ambayo ingali ikifuatwa: majaji hawabadili kiasi kwa sababu tu wao wangalitoa kingine. Hubadili ikiwa hakimu alikosea msingi, kwa kuhesabu jambo lisilohusika au kuacha linalohusika, au ikiwa kiasi ni kidogo mno, au kikubwa mno, hata kikawa kosa kabisa.

Basi kulia kwamba fedha ni chache hakutoshi. Wakili aliisoma hukumu mara mbili, akaona jambo moja. Mwenzetu alikuwa ameeleza kizimbani kwamba kazi yake ni kupanda mikarafuu, na daktari akathibitisha kuwa hatapanda tena. Hukumu imeutaja mguu, kazi haikutajwa. Hiyo ndiyo sababu ya rufaa yake, nayo ni moja tu.

Shauri la namna hii likiamuliwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi huko Bara, rufaa huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 90. Siku za kungojea nakala ya hukumu na dikrii haziingizwi katika hesabu, lakini mtu aziombe mapema, kwa barua, na abaki na nakala yake iliyopigwa muhuri. Ajue pia kwamba mdaiwa naye ana haki ya kusema fidia ilizidi, na kwamba mwenye kushindwa huweza kubebeshwa gharama. Hesabu hizi za siku ni za Bara. Unguja na Pemba tuna mahakama na sheria zetu, na mwenye shauri hapa amuulize wakili wa hapa.

Rufaa ya mwenzetu iko Tanga, haijasikilizwa. Msimu huu yeye yuko barazani akichambua karafuu pamoja na watoto, na mwanawe ameomba ruhusa chuoni aje apande mikarafuu badala yake.