Mwalimu wa Baiolojia na Waliomshika Mkono

Kila mtu Mara anajua kwamba Julius Nyerere alikuwa mwalimu. Alifundisha nini? Wengi watasema siasa. Lakini kuanzia 1946, akiwa na stashahada ya ualimu ya Makerere, alifundisha baiolojia na historia katika shule ya misheni ya St. Mary's, Tabora.

Hakujifikisha huko mwenyewe. Husimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, upande wa Bunda, aliiona akili ya kijana huyu kwenye bao akamshauri rafiki yake, Mtemi Burito wa Butiama, ampeleke mwanawe huyo shule. Mwaka 1934 Nyerere akaingia Mwisenge, Musoma. Huko alimkuta Mwalimu James Irenge, ambaye uzeeni alipenda kueleza jinsi alivyowafundisha vijana wake siasa usiku, wakoloni wasisikie. Somo hilo halikuwamo kwenye muhtasari.

Tabora akampata Padri Richard Walsh, mkuu wa St. Mary's. Serikali nayo ilimtaka Nyerere kwenye shule yake mjini humo, kwa mshahara mnono na pensheni. Akaenda kwa padri. Walsh angeweza kutulia na mwalimu wake wa sayansi, maana Mwafrika mwenye elimu ile alikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Badala yake alimhimiza akasome zaidi. Mwaka 1949 Nyerere akawa Edinburgh. Sayansi yenyewe aliiacha, akahitimu shahada ya sanaa 1952, na aliporudi akafundisha Pugu hadi siasa zilipomtoa darasani 1955. Baiolojia ilipoteza mtu, na padri hakununa. Mlezi anayelea ili abaki na mtu wake, kwangu huyo ni mwajiri tu.

Leo mwalimu mpya wa kemia akiripoti shule ya kata huko Bunda, hukabidhiwa ratiba, chaki na ufunguo wa maabara, kama maabara ipo. MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu kazini, huwakutanisha walimu wajadiliane, na ni jambo jema. Ila kijana huyu anamhitaji pia mkongwe wa kukaa dawati la nyuma, amwone akihangaika na jaribio la asidi na besi, kisha amwambie faraghani palipovuja. Na siku akiomba ruhusa ya kwenda kujiendeleza, mkongwe huyohuyo amsemee kwa mkuu wa shule, hata kama vipindi vya kidato cha nne vitamwangukia yeye.