Mkutano ni saa nane, lakini simu inasema saa ngapi?

Chama kimoja cha huku Entarara kilichoka kukumbushana kwa WhatsApp kikahamia Kalenda ya Google. Katibu akaandika: Jumamosi, 8:00. Alimaanisha saa nane mchana. Simu nayo haijui kuhesabu kama sisi. Kwake 8:00 ni saa mbili asubuhi.

Simu zikalia watu wakiwa bado sokoni. Wawili walifika, wakakuta mlango umefungwa, wakaenda zao. Saa nane yenyewe watu hawakutosha, na mama aliyekuwa zamu ya kupokea, karo ya mtoto ikimsubiri, akaambiwa angoje wiki ijayo. Katibu alipigwa faini. Sisi tunaona alionewa kidogo.

Basi ukiandika saa za mchana, ongeza sita: saa nane ni 14:00. Mwenzenu aliye Dubai ataona 15:00 kwenye simu yake, kalenda inabadilisha yenyewe. Weka pia kikumbusho cha siku moja kabla, ili mtu apate muda wa kuweka pesa kwenye simu, sio kukopa dakika ya mwisho.

Usiandike PIN kwenye maelezo ya mkutano, kila mwalikwa anayasoma. Na ukiona mwaliko wa mtu usiyemjua, eti umeshinda zawadi bonyeza hapa, futa tu. Sisi hatutoi zawadi kwa kalenda.

Kile chama sasa kinaandika 14:00, na kando yake: saa nane mchana, tafadhali.