Nyonga Inapouma, Kisu si Dawa ya Kwanza

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Neno hilo lawahusu sana askari wa jeshi na wa polisi, kwani wengi wao huficha maumivu ya nyonga. Baadhi huchelea kuitwa wavivu mbele ya wenzao, na wengine huogopa kupasuliwa. Hofu hiyo ya kisu aghalabu haina msingi.

Nyonga ni kiungo ambamo kichwa cha mfupa wa paja, kilicho mviringo kama mpira, huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa. Gegedu laini huizuia mifupa hiyo isisuguane. Mtu atembeapo, kiungo hicho hubeba takribani mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wake. Akiongezewa shanta na bunduki, mzigo huzidi. Gegedu likichakaa, maumivu huanza mara nyingi kwenye kinena, na huweza kushuka hadi gotini.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 1962, daktari John Charnley wa Uingereza alipofanikiwa katika kazi yake ya kuweka nyonga ya bandia, upasuaji umewarudisha wengi kwenye miguu yao. Lakini hiyo ni njia ya mwisho. Kabla yake yako mambo manne.

Kwanza ni mazoezi. Lala chali, kunja magoti, inua makalio, hesabu hadi 5, kisha shusha. Rudia mara 10. Kisha lala kwa ubavu usiouma, uinue mguu wa juu ukiwa umenyooka. Fanya hivyo kila siku kwa muda wa wiki 6 hadi 12. Uchungu kidogo si hatari, mradi uwe umetulia kesho yake.

Pili ni uzito. Mwenye kitambi akipunguza kilo 5, nyonga yake hupunguziwa kama kilo 12 katika kila hatua.

Tatu ni bakora. Ishikwe kwa mkono wa upande usiouma, nayo isogee pamoja na mguu unaouma. Wengi hufanya kinyume, wakakosa faida yake.

Nne ni dawa. Vidonge kama ibuprofeni hutuliza, lakini vikimezwa siku nyingi bila ushauri wa daktari huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Asimeze mtu kidonge ili tu apate kukimbia.

Hata hivyo, yako maumivu yasiyongoja. Kuruta aliyeongezewa mbio na gwaride ghafla, akaumwa kinena kila akanyagapo, aache mazoezi mara moja akapigwe picha. Huenda shingo ya mfupa wa paja imepata ufa, na akiendelea huweza kuvunjika kabisa. Hapo kisu hakikwepeki. Aidha, mwenye homa pamoja na maumivu makali ya nyonga, au aliyeanguka akashindwa kusimama, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye ugonjwa wa selimundu naye asikawie kumwona daktari, maana kichwa cha mfupa wake huweza kukosa damu kikafa.

Nanyi makamanda, askari anayeripoti maumivu mapema si mvivu. Mpeni kazi nyepesi kwa majuma machache, msije mkampoteza kwa miezi mingi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.