Kutoka Simu hadi Bango: Istilahi na Zana za Usanifu wa Grafiki

Usanifu wa grafiki ni kazi ya kupanga maandishi, picha, rangi na nafasi tupu ili ujumbe umfikie msomaji upesi na bila utata. Tengeru, mashariki mwa jiji la Arusha kwenye barabara iendayo Moshi, kazi hiyo inaonekana kila upande: mabango ya maduka na nyumba za wageni, kadi za michango ya harusi, tisheti za shule, matangazo ya semina za Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Siku hizi nyingi ya kazi hizo huanzia kwenye simu na kuishia kwenye mashine ya kuchapia, na kasoro zake nyingi huzaliwa katikati ya safari hiyo.

Picha ya kamera imeundwa kwa vijiraba vidogo mno viitwavyo pikseli, kila kimoja na rangi yake. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Kitu cha kusomwa mkononi, kama kadi au jarida, huhitaji pikseli 300 kwa kila inchi ili kichapwe vizuri; kwa kipimo hicho picha hiyo inafikia upana wa sentimita 34 hivi, na karatasi ya A4 inaenea bila shida. Ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ili isile bando, mara nyingi hadi pikseli zipatazo 1,600 kwa upande mrefu, na upana wake wa kuchapika unashuka hadi sentimita 13 na nusu. Kwenye kioo cha simu hakuna anayeona tofauti. Mchapaji ndiye anayeiona, na ndiye anayelaumiwa. Dawa ni kuituma picha kama dokumenti, isiguswe njiani. Ikishapunguzwa, kuivuta iwe kubwa hakurudishi kilichopotea. Kompyuta hubuni pikseli za kujazia, na ukungu huanza hapo. Bango la barabarani lina unafuu, kwa kuwa husomwa kwa mbali: pikseli 100 kwa inchi, hata pungufu, zinatosha.

Nembo haipaswi kuwa pikseli kabisa. Mchoro wa vekta huhifadhiwa kama mistari na mikunjo iliyokokotolewa, hivyo unaweza kukaa kwenye kalamu au ubavuni mwa basi na kingo zake zikabaki kali. Programu zake zinazojulikana ni Illustrator ya mwaka 1987, CorelDRAW ya 1989 na Inkscape, ambayo ni ya bure na ilitoka 2003. Nembo ya shule iliyopigwa picha kutoka kwenye barua ni bora ichorwe upya kwa vekta mara moja tu, kuliko kusafishwa kila mwaka wakati wa kuagiza tisheti.

Aina ya faili nayo ina lake. JPEG hubana picha kwa kutupa baadhi ya taarifa, na haiwezi kuwa na sehemu iliyo wazi. Ndiyo maana nembo nyingi kwenye mabango zimekaa ndani ya kisanduku cheupe ambacho hakuna aliyekiomba. PNG huruhusu uwazi. Kwa mchapaji hupelekwa PDF, pamoja na milimita 3 za ziada kila upande, kisu kikipinda kidogo kisiache ukingo mweupe.

Rangi huwachanganya wengi. Kioo huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, kila mmoja kwa viwango 256, na kupata rangi zaidi ya milioni 16. Mashine huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na haiwezi kufikia rangi zote za mwanga. Kijani cha migomba ya Meru kinachong'aa kwenye simu kitapoa kikifika kwenye karatasi. Mteja aonyeshwe nakala moja iliyochapwa kabla ya elfu nzima.

Katika mpangilio, mwalimu mzuri ni kanga: pindo linazunguka, mji unashika katikati, jina lina mahali pake, na jicho halihangaiki. Bango lenye picha sita, namba nne za simu na fonti tano halina mji. Fonti zenye vikia, yaani vijistari kwenye ncha za herufi, hufaa maandishi marefu. Zisizo na vikia, zikiwa nene, husomeka na abiria wa daladala. Fonti za mwandiko wa mkono hupendeza kwenye majina ya maharusi, lakini namba ya kupokelea mchango ikiandikwa kwa fonti hizo, 1 na 7 hufanana, na pesa huenda kwa mtu mwingine.

Programu ya kuhariri picha iliyotawala ni Photoshop. Thomas Knoll, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliianza mwaka 1987, akaikuza pamoja na ndugu yake John, na Adobe wakaitoa Februari 1990. Matabaka, yanayomwezesha mhariri kugusa maandishi bila kugusa picha iliyo chini yake, yaliongezwa 1994. GIMP, ya bure, ilitoka 1996. Canva, iliyozinduliwa Australia mwaka 2013, hutoa violezo vilivyo tayari na ndiyo inayowafaa wengi wenye simu tu. Zana zinafanana popote: ya kupunguza kingo, kitanzi cha kuteua eneo, muhuri wa kunakili, na maski ya kuficha sehemu bila kuifuta.

Muhuri wa kunakili hudai kiasi, hasa kwenye picha za kale. Tengeru ilikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland kuanzia 1942, watu wapatao 5,000, na makaburi yao yapo hadi leo. Picha ndogo ya enzi hizo hupigwa skani kwa pikseli 600 au zaidi kwa inchi na kuhifadhiwa kama TIFF. Vumbi na mikwaruzo huondolewa kwenye nakala, na uso uliochanika huachwa ulivyo, kwani programu ikiujaza hutengeneza sura ya mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Skani ya kwanza haihaririwi.