Mwandishi Mgeni na Wasimulizi wa Milima ya Gusii

1. Utangulizi

Nia ya makala haya ni kueleza jambo moja. Chuo kikuu kinapomwalika mwandishi akae milimani kwa miezi kadhaa ili aandike juu ya utamaduni na masimulizi ya wenyeji, ni nani aliye mwalimu, na ni nani aliye mwanafunzi?

Swali hili si geni kwetu. Mwezi wa Oktoba 1968, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza kwamba idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, na fasihi simulizi ya Kiafrika iwekwe katika kiini cha masomo. Tangu hapo masimulizi yamekubaliwa darasani. Msimulizi mwenyewe, hata hivyo, bado hajapewa kiti.

Katika Kaunti za Kisii na Nyamira nafasi ya kulirekebisha jambo hili ipo. Sensa ya 2019 ilihesabu Abagusii zaidi ya milioni 2.7, na tangu 2013 tamasha la ushairi la Kistrech, lililoasisiwa na mshairi Christopher Okemwa wa Chuo Kikuu cha Kisii, limewaleta Kisii washairi wa nchi mbalimbali. Tamasha, hata hivyo, ni la siku chache. Mwandishi anayekaa kwa miezi hupata zaidi, na kwa sababu hiyo hudaiwa zaidi.

2. Tukio moja, masimulizi mawili

Tuchukue mfano. Mwezi wa Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki Geoffry Northcote, afisa Mwingereza aliyesimamia utawala wa Kisii. Northcote alipona, na mwaka wa 1937 akawa Gavana wa Hong Kong. Abagusii waliletewa askari wa King's African Rifles, na wengi wakauawa. Kwa watawala, tukio hili lilikuwa uasi uliostahili adhabu. Kwa wasimulizi wa Gusii, kisa huanza mahali pengine kabisa: kwa Moraa, mwanamke mwaguzi, aliyewatia wanaume ari ya kupigana. Mwandishi mgeni anayeanzia katika nyaraka atamkuta Otenyo akiwa mhalifu. Anayeanzia katika kikao cha wazee atamkuta akiwa shujaa aliyetumwa. Basi mahali anapoketi mgeni siku ya kwanza si jambo dogo.

3. Suala la lugha

Ngano kwa Ekegusii ni omogano, na wingi wake ni emegano. Msomaji ataona mara moja kwamba mzizi ni ule ule wa ngano katika Kiswahili, ingawa ngeli zimetofautiana. Hali kadhalika eke- na ebi- za Ekegusii hukabili ki- na vi- zetu: ekerandi na ebirandi ni kibuyu na vibuyu. Kwa sababu ya undugu huo, Kiswahili kinafaa kuwa lugha ya kwanza ya tafsiri, kabla ya Kiingereza.

Lakini undugu huweza kudanganya. Ekegusii kina irabu saba, nacho huandikwa kwa herufi tano za irabu. Tena kina toni, ambazo maandishi ya kawaida hayazionyeshi. Mgeni anayesoma ukurasa bila kuisikia sauti atakosea maana. Na kisa kinachoandamana na obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane, hakiwezi kuingia chote katika karatasi. Kwa hiyo kurekodi sauti ni sehemu ya matini yenyewe.

4. Mapendekezo

Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilikabidhiwa mkusanyo wa ngano za Kiafrika ambao haukutaja jina la msimulizi hata mmoja. Mkusanyaji alitajwa mara nyingi. Ili tusiurudie mtindo huo, mambo matatu yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, kila simulizi lirekodiwe na kuandikwa kwa Ekegusii, ndipo litafsiriwe. Pili, msimulizi aridhiapo atajwe kwa jina lake, naye alipwe na chuo kama anavyolipwa mhadhiri mgeni. Tatu, kabla ya kuchapwa, kazi isomwe mbele ya wasimulizi hao hao, nao wawe na haki ya kuisahihisha au kuizuia.

Yawezekana kusemwa kwamba masharti haya yatambana mwandishi. Hapana. Yeye atabaki huru kubuni kazi yake. Asichokuwa na uhuru nacho ni kuchukua simulizi la mtu na kuliita lake.

5. Hitimisho

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwandishi akiondoka Manga au Sameta na kitabu, na wazee wakabaki bila matini, bila kanda na bila majina yao, mwenyeji hatakuwa amepona. Wazee hao hawatatungoja. Idara zetu hazina budi kuanza sasa.