Kuvuka Ghuba kwa Baiskeli

Je, umewahi kufikiria kuvuka bahari kwa baiskeli? Katika jimbo la Florida, Marekani, jambo hilo lawezekana, tena kwa asubuhi moja tu na bila kuwa mwanamichezo. Njia yenyewe huitwa Courtney Campbell Trail. Inaunganisha jiji la Tampa na mji wa Clearwater kwa kupita katikati ya maji ya Old Tampa Bay, ulio mkono wa kaskazini-magharibi wa Ghuba ya Tampa. Urefu wake ni karibu kilomita 15, na ni laini mwanzo hadi mwisho.

Tulikwenda wanawake watatu na watoto wawili, mwezi wa Aprili. Mmoja wetu hakuwa amekanyaga pedali tangu shule ya msingi, nyakati zile ambapo msichana akionekana juu ya baiskeli shangazi humwita pembeni. Tulikodi baiskeli zenye gia, tukaanzia upande wa Tampa, kwenye ufuko wa Ben T. Davis, mahali penye vyoo na pa kuegesha gari.

Huyo Davis ndiye aliyelijenga tuta linalobeba barabara. Alianza mwaka 1927, mchanga ukichotwa chini ya ghuba na kumwagwa majini. Barabara ilifunguliwa mwaka 1934, na kila aliyepita alilipa ushuru mpaka serikali ilipoinunua mwaka 1944. Jina la Campbell lilikuja mwaka 1948. Kwa miaka mingi baada ya hapo, hata hivyo, mwenye baiskeli hakuwa na mahali pake pa kupita ila kando ya magari yaendayo kasi. Jambo hilo si dogo. Florida imekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa majimbo ya Marekani yanayoua waendesha baiskeli wengi zaidi barabarani. Mama gani angemruhusu mtoto kwenda huko?

Wakazi walikuwa wameonja raha ya kuvuka kwa usalama mahali pengine. Kusini zaidi kulikuwa na daraja kuukuu la Gandy, lililojengwa mwaka 1956. Magari yalipohamishiwa daraja jipya mwaka 1997, watu waliomba lile la zamani lisibomolewe, nalo likafunguliwa mwaka 1999 kwa watembea kwa miguu, wakimbiaji na wenye baiskeli. Wavuvi walikaa hapo na ndoano zao. Lakini chumvi haina huruma kwa chuma. Mwaka 2008 wakaguzi walikuta daraja limechakaa vibaya, likafungwa, na miaka kadhaa baadaye likavunjwa. Kwa hiyo njia hii ya Courtney Campbell ilipofunguliwa upande wa Tampa mwaka 2013, na upande wa Clearwater miaka miwili baadaye, kwa wengi ilikuwa kama kurudishiwa kitu kilichopotea.

Nasi tuliona tofauti yake mara moja. Barabara kuu iko pale pale, unaisikia ikinguruma, lakini njia imetengwa nayo, na upana wake wa mita 3 na nusu watosha watu wawili kwenda sambamba wakipiga soga huku wengine wakipishana nao. Watoto walitangulia, na hakuna aliyelazimika kuwapigia kelele kila dakika. Mama yeyote ajua pumziko la namna hiyo lina thamani gani.

Baada ya kilomita kadhaa tuta linakatika ili mashua zipite, na hapo njia ina daraja lake peke yake, lenye urefu wa karibu kilomita moja na kimo cha zaidi ya mita 12 juu ya maji. Hicho ndicho kilima pekee. Dada yetu yule alitaka kushuka na kusukuma; tukamwambia apunguze gia na asitazame mbali. Akapanda polepole mpaka juu, akihema, akakataa kusimama. Kileleni maji yako pande zote mbili, kijani karibu na ufuko na buluu mbali. Mwari walipita chini yetu (ndiyo, tulikuwa juu ya ndege!), na mikizi waliruka majini ovyo kama kawaida yao, wakimfurahisha mvuvi. Nguva huingia ghubani pia, ila siku hiyo hatukumwona hata mmoja.

Kuna jambo ambalo picha za matangazo hazisemi: hakuna kivuli. Mikoko iliyo ukingoni ni mifupi, na jua la Florida halina adabu. Beba maji mengi kuliko unavyodhani unahitaji, kofia, na mafuta ya kukinga ngozi. Sheria ya huko humtaka mtoto wa chini ya miaka 16 avae helmeti. Sisi tulivaa wote. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua za radi huja mchana karibu kila siku, na juu ya tuta hakuna pa kujificha, basi nenda asubuhi urudi mapema.

Pima upepo pia. Wakati wa kwenda ulitusukuma mgongoni, tukajiona mashujaa. Wakati wa kurudi ulikuwa wa mbisho, na kilomita zile zile zilichukua karibu mara mbili ya muda. Tulipanga mstari mmoja, mwenye nguvu mbele, tukibadilishana zamu. Mtoto mdogo alishika nafasi ya mwisho na akala ndizi zote.

Kabla ya safari, uliza kama njia iko wazi. Tufani Helene ilipopita Septemba 2024, bahari ilipanda juu ya tuta na barabara ikafungwa. Maji ya ghuba hii hayana kina kirefu, lakini yakisukumwa na upepo hufika mbali.